Sebuleni kwa Teabing: Mkristo Mbele ya Filamu ya The Da Vinci Code

Naona ndugu zetu Waislamu wameketi kule nyuma karibu na dirisha. Asalaam aleikum, na tafadhali msiondoke mapema, maana sehemu ya maneno yangu inawahusu.

Nimeombwa nizungumzie namna Mkristo anavyopaswa kuipokea filamu inayoitikisa imani yake. Mada hiyo ni pana, na mada pana humpa mzungumzaji nafasi ya kusema mengi bila kusema kitu. Nitachukua filamu moja tu, The Da Vinci Code, iliyotoka Mei 2006 chini ya mwongozaji Ron Howard, Tom Hanks akiigiza kama Profesa Robert Langdon. Ilitokana na riwaya ya Dan Brown ya mwaka 2003, iliyouzwa makumi ya mamilioni ya nakala. Mtaniuliza kwa nini nafukua filamu ya zamani. Ni kweli imezeeka, ila madai yake bado yanatembea. Yanapita kwenye simu kwa vipande vya dakika mbili mbili, na kijana anayekuonyesha kipande hicho mara nyingi hajui kimekatwa wapi.

Kwa asiyeiona: msimamizi wa jumba la makumbusho la Louvre, Paris, anauawa usiku. Langdon na Sophie, binti aliyelelewa na marehemu, wanafuata mafumbo aliyoyaacha. Mwisho wa mafumbo wanakuta siri ambayo Kanisa linadaiwa kuificha kwa damu, kwamba Yesu alimwoa Maria Magdalena na uzao wao ungali hai hadi leo.

Nataka tukae sebuleni kwa Sir Leigh Teabing. Huyu ni Mwingereza tajiri, mwenye magongo, mcheshi, na Ian McKellen anamwigiza kwa ustadi kiasi kwamba huwezi kumchukia. Langdon na Sophie wanafika kwake usiku wakikimbia polisi, na hapo ndipo karibu madai yote ya filamu yanapomwagwa. Tazameni fundi anavyofanya kazi. Teabing anataja mtaguso wa Nikea, na mara kamera imetoka sebuleni, tunawaona maaskofu wakizozana. Anataja Karamu ya Mwisho ya Leonardo, na picha inakuzwa mbele yetu, umbo lililo kuume kwa Yesu linatolewa mahali pake na kusogezwa upande wa pili ili tuone jinsi wawili hao "wanavyolingana". Mtu akiambiwa jambo geni hudai kwanza alione. Hapa ameshaonyeshwa kabla hajadai. Langdon anabisha, na katika hilo filamu ina haki kuliko kitabu, lakini kubisha kwake kwa sehemu kubwa kunabaki maneno ya mdomoni, wakati Teabing ana picha, muziki na mavazi ya kale.

Kisha linakuja jambo ambalo wengi walioitazama filamu hii hulisahau kabla hawajafika nyumbani: Teabing ndiye mwovu wa hadithi. Mauaji yote yaliyotangulia ni yeye aliyeyapanga. Mtu anayetuambia kwamba Kanisa limedanganya kwa karne ishirini ni mtu ambaye, ndani ya hadithi hiyohiyo, amemdanganya kila aliyemwamini. Mahakamani shahidi wa namna hiyo angehojiwa mpaka jasho limtoke. Sisi tulitoka ukumbini tukinukuu ushahidi wake.

Sasa nimhoji.

Teabing anasema kwamba kabla ya mwaka 325 wafuasi wengi wa Yesu walimwona kuwa nabii mkuu, mtu wa kufa kama sisi, na kwamba Kaisari Konstantino ndiye aliyewakusanya maaskofu Nikea ili kumpandisha cheo awe Mungu, kwa sababu za kisiasa. Kitabu kinaongeza kwamba kura zilikaribiana. Kwa vijana wa Dar es Salaam waliokua miaka ya 1980 na 1990 hili halikuwa jipya. Mihadhara ya wazi ya kulinganisha dini, iliyopata nguvu kwa kanda za Ahmed Deedat wa Durban, ilikuwa ikiwataja Konstantino na Nikea muda mrefu kabla Dan Brown hajaandika neno. Hollywood ilikuta shamba limeshalimwa. Na niwaambie ndugu zangu wa pale dirishani: Teabing si rafiki yenu pia. Isa bin Maryam mnayemwamini alizaliwa na bikira kwa amri ya Mungu. Wa Teabing ni mtu wa kawaida aliyeacha mjane na ukoo wa kifalme. Baadhi ya masheikh wa Mumbai waliliona hilo mwaka 2006 wakaungana na Wakatoliki kuipinga filamu hii.

Turudi Nikea, maana hapa kuna utajiri ambao mimbari zetu zimeuacha ukioza ghalani. Ugomvi uliopelekwa Nikea ulikuwa ugomvi wa Kiafrika. Ulianzia Aleksandria, Misri, mji wa bandari, kati ya Askofu Aleksanda na padre wake Ario, ambaye kwa asili anasemekana kuwa Mlibya. Ario alikuwa na kipaji cha kueneza mafundisho. Mwanahistoria mmoja wa kale anasema alitunga nyimbo za mabaharia, za wasaga nafaka na za wasafiri, ili fundisho lake liimbwe hata na mtu asiyejua kusoma. Kwa hiyo hili la imani kushindaniwa kwenye burudani ya watu wa kawaida halikuanza na sinema.

Lakini Ario alifundisha nini? Alifundisha kwamba Mwana aliumbwa kabla ya vyote, kabla ya nyakati, na kwamba ulimwengu uliumbwa kwa yeye. Alikataa kwamba Mwana ni sawa na Baba. Swali lililoletwa Nikea lilikuwa Mwana yuko juu kiasi gani. Kwamba Yesu ni mtu tu kama watu wengine, hakuna upande uliosimama na kulitetea. Na katika maaskofu waliohudhuria, ambao wengi huwakadiria kuwa kati ya 200 na 300 na zaidi kidogo, waliokataa kabisa kutia saini pamoja na Ario walikuwa wawili, wote wa kutoka Libya. Kama hizo ni kura zilizokaribiana, basi sijui kuhesabu.

Na Konstantino mwenyewe je? Miaka michache baadaye alimrudisha Ario kutoka uhamishoni. Mwaka 335 akampeleka uhamishoni Atanasi, mtetezi mkuu wa Nikea, hadi Trier, mbali kule kaskazini. Mwaka 337, alipokuwa anakufa, alibatizwa na Eusebi wa Nikomedia, aliyekuwa rafiki wa Ario. Mwanawe Konstansi wa Pili aliwabeba Waario waziwazi kwa miaka mingi. Mtu anayesema Nikea ulikuwa mradi wa kaisari itabidi atueleze kwa nini kaisari aliuacha mradi wake mwenyewe, na mwanawe akaupiga vita, na bado ukasimama.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hunifurahisha kila ninapolisimulia. Nikea, ambayo leo ni mji wa İznik nchini Uturuki, ilikuwa katika jimbo la Bithinia. Takriban mwaka 112, zaidi ya miaka mia mbili kabla ya mtaguso, gavana wa jimbo hilohilo alikuwa Mrumi aitwaye Plinio Mdogo. Alimwandikia Kaisari Trajani kuomba ushauri kuhusu Wakristo aliokuwa akiwakamata. Aliwahoji, na wanawake wawili watumwa waliokuwa wahudumu wa kanisa akawatesa ili waseme. Katika barua hiyo anaripoti kwamba watu hawa walikuwa na kawaida ya kukusanyika alfajiri na kumwimbia Kristo wimbo kama anavyoimbiwa mungu. Aliyeyaandika hayo alikuwa mpagani, mtesaji, asiye na sababu yoyote ya kulipendelea Kanisa. Kwa hiyo watu wa Bithinia walikuwa wakimwabudu Kristo, na wakifa kwa hilo, kabla babu yake Konstantino hajazaliwa.

Niulizeni: ni wangapi kati yetu waliofundishwa habari za Plinio katika darasa la kipaimara? Tulikariri Imani ya Nikea, tunaisoma Jumapili, na hatukuambiwa mji huo uko wapi wala nani waligombana na kwa nini. Filamu iliingia katika chumba hicho kitupu.

Kuhusu vitabu vya Biblia nitakwenda haraka zaidi. Teabing anadai Konstantino ndiye aliyechagua injili nne na kuchoma nyingine. Takriban mwaka 180, Ireneo, askofu wa Lyon, alikuwa tayari akiandika kwamba injili ni nne, si zaidi wala pungufu. Orodha ya kwanza tuliyonayo yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, vilevile kama tunavyovihesabu leo, ni ya Atanasi katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367, miaka thelathini baada ya Konstantino kuzikwa. Konstantino aliagiza nakala 50 za Maandiko kwa ajili ya makanisa ya mji wake mpya, na hapo ndipo mchango wake ulipoishia. Basi hadithi ya vitabu kuchaguliwa Nikea ilitoka wapi? Ilitoka kwetu. Kitabu kimoja cha Kigiriki cha karne ya 9 hivi kinasimulia kwamba maaskofu waliviweka vitabu vyote kanisani karibu na altare, wakasali, na vile vya Mungu vikakutwa juu na vya uongo chini. Mkristo mcha Mungu aliitunga ili kulitukuza Kanisa. Karne kumi na moja baadaye imetumika kulishitaki.

Chama cha siri cha Priory of Sion, ambacho ukurasa wa mwanzo wa riwaya unakitangaza kuwa cha kweli na cha tangu 1099, kilianzishwa mwaka 1956 huko Annemasse, Ufaransa, na Mfaransa aitwaye Pierre Plantard. Katika miaka ya 1960 yeye na wenzake walichomeka hati za kughushi katika Maktaba ya Taifa ya Paris, zenye orodha ya wakuu wa chama wakiwamo Leonardo na Isaac Newton. Mwaka 1982 waandishi watatu, Michael Baigent, Richard Leigh na Henry Lincoln, walizijengea kitabu. Baigent na Leigh ndio waliokwenda mahakamani London mwaka 2006 wakidai kuibiwa mawazo, wakashindwa. Jina la Leigh Teabing limeundwa kwa majina yao: Leigh limechukuliwa lilivyo, na herufi za Baigent zimevurugwa. Na lile umbo lisilo na ndevu kwenye picha ya Leonardo? Wachoraji wa Florence walikuwa na desturi ya kumchora Yohana akiwa kijana laini. Kama yule ni Magdalena, itabidi mtu atuonyeshe Yohana alijificha wapi, maana mitume wa pale mezani ni kumi na wawili kwa hesabu.

Lakini juu ya Maria Magdalena mwenyewe nataka nikae, kwa sababu hapa Teabing ana hoja nusu, na nusu hiyo ni yetu kuikubali.

Ushahidi wa ndoa haupo. Injili ya Filipo, inayotajwa sana katika filamu, ilipatikana mwaka 1945 karibu na Nag Hammadi, Misri, katika vitabu vya mafunjo vilivyoandikwa kwa Kikopti. Wataalamu wengi huiweka katika karne ya 3, yaani watu wa wakati wa Maria walikuwa wamekufa siku nyingi. Mahali panaposemwa kwamba Yesu alimbusu, ukurasa umetoboka. Neno linalosema alimbusu wapi limeliwa. Watu wamelijaza tundu hilo kwa mdomo. Na hata ungekuwa mdomo, waliokiandika kitabu hicho waliliona busu kuwa ishara ya kupokezana maarifa ya kiroho, na Paulo naye anawaagiza Warumi wasalimiane kwa busu takatifu bila kumwoza mtu yeyote.

Teabing anaposema Kanisa lilimchafulia Magdalena jina, hapo hasemi uongo mtupu. Luka, katika sura ya 8, anamtaja kama mwanamke aliyeponywa, mmoja wa wanawake waliolihudumia kundi la Yesu kwa mali zao wenyewe. Hakuna mahali injili inaposema alikuwa kahaba. Mwaka 591 Papa Gregori Mkuu, akihubiri Roma, alimuunganisha yeye na yule mwenye dhambi asiyetajwa jina wa Luka 7 na Maria wa Bethania, watatu wakawa mtu mmoja. Hakuwa na njama, alikuwa anahubiri toba. Lakini mahubiri hayo yalimvika mwanamke huyu vazi la ukahaba kwa karibu miaka 1,400 katika Kanisa la Magharibi. Wakristo wa Mashariki hawakuyafuata. Roma ililirekebisha jambo hilo kimyakimya katika kalenda ya mwaka 1969, na mwaka 2016 Papa Fransisko akaipandisha kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai iwe sikukuu, sawa na za mitume.

Sasa nendeni Jumapili ijayo makanisani kwetu, Wakatoliki kwa Walokole, mkasikilize. Bado anahubiriwa kama kahaba aliyetubu. Katika sura ya 20 ya Yohana ndiye wa kwanza kumwona Mfufuka na wa kwanza kutumwa kuwaambia wengine. Wanaume walikuwa wamejifungia. Mwanamke aliyepewa ujumbe huo tumemfanya kielelezo cha dhambi za mwili. Halafu akija mwandishi wa riwaya akisema mmemdhulumu Maria, wanawake waliokaa viti vya nyuma kwa miaka yote hiyo wanainua vichwa. Mimi siwalaumu. Dan Brown alimrudishia heshima kwa kumpa mume na mtoto, kana kwamba mwanamke hawezi kuwa mkubwa bila hivyo, na kwangu hiyo ni dhuluma ya pili. Ila ya kwanza tuliifanya sisi.

Watu waliipokeaje filamu hii? Nchi kadhaa ziliipiga marufuku, ikiwamo Pakistani, na majimbo kadhaa ya India. Walioitaka waliipata kwenye diski za mtaani. Kanisa la Westminster Abbey, London, liliwakatalia wapiga picha. Wakaenda Lincoln, ambako kanisa kuu lilipokea mchango wa pauni 100,000, na dekano wake akasema wazi kwamba kitabu chenyewe ni upuuzi. Wapo waliomkasirikia. Opus Dei, Wakatoliki ambao Nairobi wanafahamika kupitia Chuo Kikuu cha Strathmore, walionyeshwa katika filamu kuwa na mtawa muuaji. Opus Dei haina watawa. Waliomba filamu iwekewe tangazo kwamba ni ya kubuni, hawakupewa, wakaamua kuwakaribisha waandishi wa habari na kujibu maswali, hata yale magumu ya mjeledi na mkanda wa miiba.

Jibu ninalolipenda zaidi ni la kanisa la Saint-Sulpice, Paris. Riwaya inasema mstari wa shaba uliomo sakafuni mwake ni masalia ya hekalu la kipagani, na herufi P na S kwenye madirisha ni za Priory of Sion. Watalii wakawa wanamiminika wakipapasa sakafu. Kanisa likabandika karatasi ukutani: mstari huu ni chombo cha elimu ya nyota cha karne ya 18, na herufi hizo ni za Petro na Sulpisi, watakatifu wasimamizi wa kanisa. Mtalii akisoma, akimaliza, yumo kanisani.

Linganisheni na yaliyotokea mjini humohumo Oktoba 1988, wakati wa filamu ya Martin Scorsese, The Last Temptation of Christ. Filamu ile ilitangulia kumwambia mtazamaji kwamba haikufuata injili. Watu waliojiita watetezi wa Kristo walilitia moto jumba la sinema la Saint-Michel usiku, watazamaji wakiwa ndani, na watu 13 wakajeruhiwa, wengine vibaya. Hakuna filamu iliyowahi kumsingizia Kristo jambo baya kuliko lile.

Nina neno moja gumu kabla ya maswali. Sisi Wakristo wa Afrika Mashariki tulikuwa tumeshaitumia sinema kama shahidi. Filamu ya Yesu ya mwaka 1979, iliyofuata Injili ya Luka na kutiwa sauti za Kiswahili, imezungushwa vijijini kwa jenereta na shuka jeupe katika viwanja vya shule. Watu wamelia mbele ya shuka lile, na wengi wameokoka. Sitadharau machozi yao. Lakini mhubiri aliposimama baada ya taa kuwaka na kusema "mmeona wenyewe", aliwafundisha jambo ambalo hakulikusudia. Walichokiona ni waigizaji. Mpaka leo uso wa Robert Powell, Mwingereza aliyeigiza katika Jesus of Nazareth ya Zeffirelli mwaka 1977, umetundikwa sebuleni mwa Wakristo wengi duniani kuwa ndio uso wa Bwana, na sijasikia maandamano. Tulikubali picha iwe ushahidi iliposema tunayoyapenda. Mtu aliyefundishwa hivyo, siku picha ikisema kinyume, anamwamini Teabing kwa njia ileile aliyomwaminia mhubiri.

Mama mmoja ameniandikia kikaratasi, nimekipokea hapa mezani. Anauliza kama amruhusu mwanawe wa kidato cha tatu aitazame. Mama, yawezekana ameshaitazama. Itazameni tena pamoja. Wekeni Biblia karibu, ikiwa wazi kwenye Luka 8. Langdon na Sophie wakifika kwa Teabing, naye akaanza kusema, simamisheni, mwulize kijana: huyu anajuaje? Mwache ajibu yeye kwanza. Na kama akikuuliza wewe, mama, unajuaje, usikasirike, na usimwambie ni dhambi kuuliza. Mwambie habari za Plinio. Kama umesahau tarehe, nimeiandika ubaoni, na nitakaa hapa hadi mlinzi atakapokuja kufunga.